Bibi Iko na Uchungu

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anichukue kutoka Koboko mjini hadi mpakani Oraba alinijia asubuhi mikono mitupu, bila kofia wala funguo, akaniomba radhi. "Mzee, leo siwezi. Bibi yangu iko na uchungu tangu jana."

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu bibi ni mama wa mama au wa baba, na bibi akishinda na uchungu tangu jana, basi jana kuna aliyezikwa. Nikavua kofia, nikampa pole ya msiba, nikamuuliza marehemu alikuwa nani wake. Kijana akanikodolea macho. Mwenzake aliyekuwa akijaza tairi upepo ndiye aliyetupatanisha: bibi ni mke, uchungu ni wa kuzaa, na "tangu jana" haihitaji mkalimani. Nilikuwa nimekwisha kutoa pole pahali palipotakiwa "haya, kimbia".

Tangu siku hiyo nayapima maneno ya uzazi kwa mzani mwingine. Sisi wapenzi wa lugha tumezoea kuuliza kama neno ni fasaha, kama ni la Kibantu au la mkopo, la pwani au la bara. Kwenye uzazi kuna swali linalotangulia hayo yote: neno hili likitamkwa, anayelisikia atanyanyuka kitini au atabaki amekaa?

Kosa langu lina historia. Kiswahili kilifika Nile Magharibi, pembe hii ya Uganda yenye Arua na Koboko, kimevaa buti. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua kutoka Kavalli, kando ya Ziwa Albert, askari wa Kisudani waliokuwa wa gavana Emin Pasha. Hao na jamaa zao ndio chimbuko la Wanubi wa Uganda, na wengi wao waliishia katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) lililoundwa mwaka 1902. Nile Magharibi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ikaenda Sudan mwaka 1910, ikaletwa Uganda mwaka 1914, na kila bendera ilikuja na askari wake. Vijana wa Kikakwa na Kilugbara wakaandikishwa, wakarudi na Kiswahili cha amri. Mmoja wao, Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, aliingia KAR mwaka 1946, na mwaka 1973 akakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mlango wa pili ulikuwa soko. Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, imewafundisha watu wa Arua Kiswahili cha kupunguziana bei bila mwalimu wala ubao.

Kiswahili cha askari na cha mchuuzi, vyote viwili, kilikuwa cha kazini, si cha nyumbani. Ndiyo maana Kiswahili cha huku kina amri tele na bei tele, ila hakikuja na mkunga. Mama wa Arua hulia kwa Kilugbara, wa Koboko hufarijiwa kwa Kikakwa au Kinubi, na habari ikishatoka nje ya nyumba, ikafika kwa mwenye pikipiki, ndipo inapogeuzwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha huku hakikai kitandani pa mzazi. Kinakaa mlangoni, ambako ndiko saa zinakopotea.

Leo hali imebadilika. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wake kama lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Koboko iko kwenye pembe ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, pahali paitwapo Salia Musala. Kwenye benchi moja la kliniki anaweza kukaa Mkakwa wa Uganda, mkimbizi wa Kikongo kutoka kambi ya Lobule na mama wa Sudan Kusini mwenye Kiarabu cha Juba. Sista akikosa lugha ya wote, hujaribu Kiswahili. Sasa apewe maneno gani?

Tuanze na mimba yenyewe. Huku watasema "mama iko na mimba" na hakuna anayeona haya. Pwani neno hilo lina ukali kidogo: ng'ombe ana mimba, mgomba una mimba, na binti asiyeolewa "amepata mimba". Mke wa mtu ni mja mzito. Mja ni kiumbe, mja wa Mungu. Mja mzito ni kiumbe aliyeongezewa uzani. Wazee walikuwa na neno la tatu, himila, na hilo ndilo nilipendalo kuliko yote, kwa kuwa limechipuka kwenye shina moja la Kiarabu na hamali, yule mbeba mizigo wa bandarini. Aliyeona mwanamke wa Koboko akitoka kisimani na jerikani kichwani, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, hahitaji kamusi kuuona undugu wa himila na hamali.

Hamali hapimwi kwa mzigo peke yake. Hutazamwa pia nguvu zake. Hapo huja vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo Waswahili huviita vidonge vya kuongeza damu. Jina zuri, lakini nimewasikia wanawake wakilihofia: damu ikiongezwa si itazidi, si itamwagika siku ya kuzaa? Jina limeahidi kupita kiasi. Vidonge vinarudisha kilichopungua, havimimini cha ziada, na mama mwenye damu ya kutosha ndiye anayestahimili kupoteza kidogo siku ikifika. Pembeni yake ipo dawa ya malaria inayotolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, kila mara kwa kupishana mwezi au zaidi. Hapa neno dawa linaponza. Dawa ni ya mgonjwa, mama mzima wa afya huuliza, kwa haki kabisa, "siumwi, ninywe dawa ya nini?" Likisemwa kinga, kama kinga ya mvua, mjadala huisha. Mvua haisubiriwi inyeshe ndipo mwavuli ununuliwe.

Hata kuhesabu kuna lugha yake. Mtaani mimba ni miezi tisa. Kliniki ni wiki 40. Na mimba changa, tangu pwani hadi bara, haitangazwi, kwa kuogopa macho na midomo ya watu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linataka mama aonane na mhudumu mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kumalizika. Ya kwanza hiyo inaangukia hasa kwenye majira ya kunyamaza. Kutotangaza mtaani ni adabu, na adabu hiyo haikatazi kumnong'oneza mkunga.

Neno linaloniogopesha kuliko yote ni kifafa cha mimba. Lina makosa matatu. La kwanza ni kifafa. Katika vijiji vingi kifafa kina mashetani na mganga wake. Tulishaliona jambo hili kwa watoto: watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliandika jinsi degedege, neno lenye dege ndani yake, lilivyowapeleka wazazi kwa mganga kwanza, na malaria ikapata nafasi. Jina lilikuwa limeshaandika cheti cha rufaa, na cheti hakikuelekea hospitali.

Kosa la pili ni kwamba jina linaanzia mwisho. Mtukutiko ndio hatua ya hatari; kabla yake kuna siku, pengine wiki, za onyo. Baada ya wiki ya 20 shinikizo la damu hupanda hadi 140 kwa 90 au zaidi, protini huonekana kwenye mkojo, kichwa kinauma na hakisikii dawa, macho yanaona ukungu au vimulimuli, uso na mikono vinavimba, tumbo la juu chini ya mbavu linauma. Mwanamke mwenye hayo yote hana kifafa, na akiulizwa kama ana kifafa atajibu kwa kweli kwamba hana. Mtaani tunalo neno presha, lakini presha nayo imechakaa: "usinipe presha" anasema hata mwenye deni la shilingi mia. Mama akisema ana presha, shemeji anamwambia apunguze mawazo.

Kosa la tatu ni "cha mimba". Msikilizaji anaelewa kwamba mtoto akishatoka, hatari nayo imetoka. Siyo hivyo. Mtukutiko unaweza kuja baada ya kujifungua, mara nyingi katika siku mbili za kwanza, wakati mwingine baada ya hapo, mama akiwa nyumbani na wageni wakinywa chai. Tiba ipo na haina fumbo: magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hiyo huupunguza uwezekano wa mtukutiko kwa zaidi ya nusu. Kama ningeombwa ushauri, ningeacha kifafa cha mimba kiwe jina la mtukutiko tu, na hatua ya onyo niiite presha ya uzazi. Uzazi ni neno pana: lina mimba ndani yake, lina kuzaa, lina na siku za baadaye.

Sasa tumrudie mke wa kijana. Uchungu ni neno la shubiri, la dawa ya mwarobaini, la kufiwa na la wivu. Lahaja za kaskazini mwa pwani zilitamka utungu, na waandishi wa kamusi wakaliokota umbo hilo wakalipa kazi moja tu: maumivu ya kuzaa. Ni ufundi wa ajabu. Herufi moja imejengea maumivu hayo chumba chake peke yake. Lakini utungu haukusafiri. Reli haikuubeba, jeshi halikuuhitaji. Bara wote wana uchungu mmoja kwa kila kitu, na aliyesema "uchungu wa mwana aujuaye mzazi" alikuwa na bahati ya kusikilizwa na watu wa nyumbani kwake.

Hospitalini limeingia leba. "Yuko leba," wanasema Dar es Salaam, wanasema Nairobi, wanasema Arua. Ni mkopo wa Kiingereza, na huko ulikotoka neno maana yake ni kazi ngumu ya jasho. Waswahili nasi tuna methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sina shaka na nusu ya pili. Nusu ya kwanza nashuku ilitungwa na mtu aliyekuwa amekaa barazani akisubiri kuambiwa jinsia.

Neno letu wenyewe ni kujifungua, na sijui lugha nyingine iliyompa mama heshima ya namna hii. Hakufunguliwa, amejifungua. Tena si fumbo tupu: wakunga wa Kiswahili husema njia imefunguka sentimita nne, sentimita saba, na ikitimia 10 mtoto ana ruhusa ya kupita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaanza kuhesabu uchungu wa kasi kwenye sentimita tano, na kuanzia hapo kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza, wala saa 10 kwa uzazi unaofuata. "Tangu jana" haisemi ni saa ngapi. Na hata saa ikisemwa, ipi? Uchungu ulioanza saa mbili kwa Mswahili umeanza jua likiwa limechomoza. Kwa anayehesabu kwa Kiarabu au Kiingereza ni saa nane zetu, mchana. Kati ya hizo mbili zimelala saa sita, nusu nzima ya zile 12. Mkunga mwenye busara haulizi saa, anauliza, "Ilikuwa kabla ya jogoo au baada ya chakula cha mchana?"

Njia isipofunguka, huja kisu. "Amezaa kwa kisu," watu husema kwa sauti ya kushuka, kana kwamba mama ameshindwa mtihani. Wakumbushwe kwamba kisu hicho Uganda si mgeni. Mwaka 1879, Kahura katika Bunyoro, mmisionari wa tiba Robert Felkin alimshuhudia mpasuaji wa kienyeji akimtoa mtoto tumboni. Mama alileweshwa kwa pombe ya ndizi, na pombe hiyo hiyo ikaosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Kidonda kilibanwa kwa sindano za chuma na nyuzi za gome. Felkin aliandika habari hiyo mwaka 1884, na katika habari hiyo mama na mtoto wote wako hai.

Mtoto akitoka, nyuma yake inatakiwa itoke kondo. Pwani husema kondo la nyuma, kwa kuwa ndilo linalofuata. Lakini ukilisema mbele ya mzee wa Uganda, tazama uso wake. Katika miaka ya 1960 na 1970 kondo huku alikuwa jambazi mwenye bunduki, na watu waliozeeka sasa walilala kwa kumsikilizia. "Kondo bado iko ndani" ni sentensi ya kumfanya mtu afunge milango. Nilipomweleza hivyo mkunga mmoja, alicheka hadi akashika meza, kisha akanyamaza, akasema, "Lakini si kweli? Ikikaa ndani, inaiba damu." Ni kweli. Kondo likipita nusu saa bila kutoka, mama ana mwizi ndani. Sijapata kuona neno likikosewa kwa usahihi kama hilo.

Na damu ndiyo inayohitaji istilahi kuliko vyote. "Ametoka damu nyingi." Nyingi kiasi gani? Kila mwanamke aliyezaa ametoka damu nyingi kwa macho ya mumewe. Madaktari walichora mstari kwenye nusu lita, lakini nani nyumbani ana kipimo cha nusu lita ya damu iliyomwagika kwenye mkeka? Jibu zuri kuliko yote nililowahi kulisikia lilitoka Kigoma. Watafiti waliofanya kazi na wakunga wa jadi huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwapa kipimo walichokuwa nacho tayari: kanga. Kanga mbili zikilowa damu chapachapa, nusu lita imepita. Kanga mbili! Mswahili ana neno lake la kanga mbili, analisema kila anapoingia dukani: doti. Nusu lita ya kitabuni ni doti moja ya damu. Huku Arua wanawake wengi huvaa vitenge, na upana wa kitambaa haufanani, kwa hiyo doti si ruhusa ya kusubiri kanga ya pili ilowe. Lakini ni neno lenye mwisho, nalo humnyanyua mtu.

Hospitalini nako kipimo hicho kilikuwa kimekosekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 200,000, uliweka chini ya mzazi mfuko wa plastiki wenye mistari, kisha ukawafundisha wahudumu kutoa matibabu yote kwa pamoja mara mstari unapofikiwa. Hatari kubwa za kuvuja damu zilipungua kwa asilimia 60. Dawa zilizotumika zilikuwa za zamani. Kipya kilikuwa kuiona damu na kuitaja kwa kiasi.

Arua inajua gharama ya kutoitaja. Desemba 2010 diwani mmoja wa wilaya, Jennifer Anguko, alifariki katika hospitali ya rufaa ya Arua baada ya saa nyingi za kuvuja damu akisubiri msaada. Mwaka 2011 shirika la CEHURD pamoja na jamaa za marehemu walifungua shauri katika Mahakama ya Katiba, likiunganisha kifo chake na cha mama mwingine wa Mityana. Lilizungushwa miaka mingi, wanasheria wa serikali wakidai si jambo la mahakama. Agosti 2020 hukumu ikatoka: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi na za dharura ni kuvunja haki ya uhai na ya afya. Kabla ya hapo huduma ya uzazi ilisemwa kwa maneno ya hisani: msaada, mradi, zawadi. Sasa imepata jina la kisheria, haki. Mtu huombea hisani, na haki huidai.

Kidude kinachotajwa sana katika mambo hayo ni kile kifurushi cha kujifungulia, chenye nailoni ya kulalia, glavu, wembe, uzi wa kitovu, pamba na sabuni. Uganda nzima inakiita kwa Kiingereza Mama Kit, jina ambalo mdomoni mwa Mswahili huwa "mama kiti". Mara ya kwanza nilidhani mama anapewa kiti, nikaona ni wazo zuri sana, kwa jinsi nilivyokuwa nimewaona wamekaa chini sakafuni.

Mtoto amelia, kondo limetoka, wageni wanaanza kuja. Hapa Kiswahili cha pwani kina hazina ambayo Nile Magharibi haijaletewa. Mwanamke huyu kuanzia leo anaitwa mzazi. Kwa wengi mzazi ni baba au mama wa mtu wa umri wowote. Pwani, "kuna mzazi ndani" maana yake ni aliyejifungua juzi, punguzeni sauti. Ndiyo maana Tanzania wodi ya akina mama huitwa wodi ya wazazi, na mgeni wa kutoka Arua anaweza kudhani ni wodi ya wazee. Damu ya siku hizo ina jina, nifasi. Harufu yake ina jina, ujusi, na methali husema mzazi haachi ujusi. Methali hiyo ni ya huruma, inawaambia watu wasikunje pua. Lakini ina mpaka wake: ujusi ni harufu ya damu, uvundo wenye homa na tumbo kuuma ni maradhi, na hayo hayastahimiliwi kwa methali.

Mzazi hufungwa tumbo kwa kitambaa kiitwacho mkaja. Binti aliyezaliwa akija kuposwa, miongoni mwa vinavyodaiwa kwa posa ni fedha iitwayo mkaja, haki ya mama yake, na nyingine iitwayo ubeleko, ya kile kitambaa alichombebea. Yaani pwani walipiga hesabu ya kupona kwa mzazi wakaiandika kwenye deni la mkwe miaka 20 baadaye. Na maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano ambayo wengine huyakamua wakayatupa wakidhani ni machafu, yana neno zuri lililobaki kwa wafugaji: dang'a. Mfugaji hamnyimi ndama dang'a. Mtoto wa mtu naye aipate ndani ya saa ya kwanza, kisha maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita.

Juu ya yote hayo kuna arobaini: siku 40 za mzazi kukaa ndani, kupikiwa, kutotwikwa ndoo. Nyumba za Kiislamu za Koboko na Arua zinaijua kama tunavyoijua Tanga. Watakwimu wa afya nao, bila kuulizana na nyakanga yeyote, walipotafuta ukomo wa kifo cha uzazi waliuweka siku ya 42 baada ya mimba kumalizika. Wiki 40 tumboni, siku 40 ndani: uzazi una arobaini mbili, na ya pili ndiyo tunayoisahau. Tunaihesabu kwa ajili ya karamu ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linataka tuihesabu kwa kumwona mhudumu: saa 24 za kwanza, siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Vituo vinne ndani ya arobaini moja.

Ndani ya siku hizo kuna maradhi yasiyovuja wala kuvimba. Buganda huyaita amakiro, na imani ya zamani ilimlaumu mwenye ndoa aliyetoka nje wakati wa mimba. Mgonjwa akawa mshtakiwa. Daktari wa akili John Cox, aliyechunguza akina mama Uganda katika miaka ya 1970, alilichukua neno hilo kwa uzito, akaliandikia. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa hojaji ya maswali 10 kuhusu siku saba zilizopita, ambayo leo hutumika duniani kote kumtambua mzazi aliyezama katika huzuni. Kiswahili kimeokota sonona, kutoka kusononeka. Nalipenda kwa sababu halimtuhumu mtu.

Walugbara wana njia nyingine ya kuhifadhi habari za uzazi: huziandika kwenye mtoto. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi majina yao yanavyobeba misiba na magumu ya nyumba. Dra ni kifo, na majina yanayoanza na dra ni mengi sokoni Arua. Candiru amezaliwa katika taabu. Ayikoru ameleta furaha. Misiba hiyo imeanza kupungua: kwa takwimu za taifa, vifo vya uzazi Uganda vilikuwa 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016, na 189 mwaka 2022. Kizazi, kwa Kiswahili, ni tumbo la uzazi, ni uzao, ni watu wa rika moja. Mwanamke mmoja akiokolewa, vizazi vyote vitatu vimeokolewa, na pengine jina moja la dra limekosa mtu wa kulivaa.

Siku ya tisa nilimkuta kijana wangu pale pale kituoni, na kofia yake na funguo zake. "Bibi?" nikamuuliza, kwa maana ya kwake.

"Iko salama. Imezaa mtoto muke."

Nikamuuliza kama kuna homa, kama kichwa kinamuuma, kama damu inapungua. Akajibu moja baada ya moja bila kushangaa. Nikamwambia bado siku 31. Akahesabu kwa vidole, akaniuliza, "Kwenu bibi munaita namna gani?"

"Mke."

"Na mama ya mama?"

"Huyo ndiye bibi."

Akafikiri akiwasha pikipiki. "Basi kwenu bibi hana uchungu."

"Anao," nikasema nikipanda nyuma yake. "Ila ule wake unaweza kungoja."